Peni za makopo ya kahawa: ipi mali, ipi senti moja?

SWALI: Shikamoo mzee. Niko Columbus, Ohio, huu mwaka wa tatu. Bibi mmoja wa Kimarekani niliyekuwa nikimkatia majani amehamia kwa binti yake, akaniachia makopo manne ya kahawa yamejaa peni, zile sarafu za senti moja za Marekani. Kwenye simu kila siku naona video: peni hii dola elfu, peni ile dola laki. Nimeanza kuzichambua na nimepata moja ya 1972 yenye herufi D, tarakimu za mwaka zimejirudia kama zina kivuli. Jamaa kazini anasema hiyo ni dola 500. Ni kweli? Na zilizobaki nizichambueje bila kupoteza miezi? Nikimaliza, naweza kuziweka kwenye mzigo wa nyumbani Tanga?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na hiyo ya 1972 usije ukakopa kwa kuitegemea: kwa picha uliyonitumia, ni senti moja. Lakini usiirudishe koponi. Iweke pembeni, ndiyo itakayokufundisha kazi.

Itazame tena, na safari hii uache mwaka, utazame ile D iliyo chini yake. Nayo ina kivuli, na kivuli chake kimeangukia upande ule ule kilikoangukia cha tarakimu. Hiyo D ni shahidi, na kwa bahati mbaya hashuhudii upande wako.

Sababu ni hii. Sarafu hupigwa chapa katikati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, mmoja wa upande wa kichwa na mwingine wa mgongoni. Muhuri nao umezaliwa na muhuri mama. Kipande cha chuma kilicholainishwa kinakandamizwa na muhuri mama, picha inaingia nusunusu, kinarudishwa motoni kilainike tena, kisha kinakandamizwa mara ya pili, pengine ya tatu, mpaka kichwa cha Rais Lincoln kilicho kwenye peni na maandishi yake yote yatokeze vizuri. Wamarekani waliendelea hivyo hadi katikati ya miaka ya 1990. Sasa, mara ya pili muhuri mama usipokaa pale pale ulipokaa mwanzo, ukawa umezunguka kidogo tu, maandishi yanaingia mara mbili. Na kila sarafu itakayopigwa na muhuri huo, ya kwanza hadi ya mwisho, itatoka na maandishi hayo mawilimawili, zote zikifanana kama watoto wa tumbo moja. Huu ndio ninaouita muhuri maradufu, na ndio wenye pesa.

Herufi ya kiwanda, yaani D ya Denver au S ya San Francisco, haikuwemo kwenye muhuri mama. Fundi aliigonga kwa mkono, kwa nyundo na patasi yenye herufi kwenye ncha, juu ya muhuri uliokwisha kukamilika. Kiwanda cha Philadelphia hakikuweka herufi yoyote, ndiyo maana peni nyingi utakazoziona hapo Ohio ziko wazi chini ya mwaka. Basi kosa likitokea wakati wa kukandamiza, mwaka utajirudia, neno LIBERTY litajirudia, lakini D itabaki moja, imetulia, kwa kuwa yenyewe ilikuja baadaye. Ukiona D nayo imejirudia sambamba na mwaka, kwa kiasi kile kile, basi kilichoviyumbisha vyote kimetokea baada ya D kuwepo. Ni mashine. Muhuri ulikuwa umelegea, sarafu ilipokwisha kupigwa ukateleza kidogo na kuburuta chuma pembeni. Peni za namna hiyo ni nyingi kama mchanga, na hakuna anayezilipia zaidi ya thamani yake.

Kanuni hii ya shahidi ni ya peni za kabla ya 1990. Kuanzia mwaka huo herufi ilianza kuingizwa mapema, pamoja na picha nyingine, kwa hiyo ushahidi wake haufai tena.

Na kama D au S imejirudia peke yake, mwaka ukiwa safi? Hapo fundi ndiye aliyegonga mara mbili. Hizo zinakusanywa, ila bei yake kwa kawaida ni dola chache tu. Nyingine zina kisa kizuri zaidi, kama zile za 1944 ambazo D imegongwa juu ya S, na mabaki ya S yanachungulia nyuma ya D. Hiyo ukiipata nijulishe.

Kama habari ya mihuri bado inakuchanganya, ikumbuke Tabora. Vita ya Kwanza ilipowafungia Wajerumani njia ya baharini, mwaka 1916 walijipigia pesa wenyewe kwenye karakana ya reli pale Tabora, na hizo heller 20 zenye herufi T wazee wengine wanazo mpaka leo kwenye visanduku. Mihuri yake haikufanana. Zipo zenye taji kubwa na zenye taji dogo, na ncha za zile L mbili za neno HELLER zimechongoka kwenye muhuri huu, zimepinda kwenye ule. Mkusanyaji anazitofautisha kwa ncha hizo tu. Kazi unayotaka kuifanya wewe na peni ni ile ile, isipokuwa Wamarekani walijitahidi sana mihuri yao ifanane, kwa hiyo tofauti ni ndogo na zinatafutwa kwa tochi.

Sasa tuingie ndani ya herufi moja. Chukua lenzi ya sonara, ile ndogo ya kukunja inayokuza mara kumi, uishike karibu kabisa na jicho na usogeze sarafu, si lenzi. Tazama T ya LIBERTY. Ncha zake zina vijikucha. Kwenye muhuri maradufu, vijikucha hivyo vimepasuka: unaona kimoja, halafu kijipengo chembamba, halafu cha pili. Herufi nzima imenenepa, na ile ya pili ina mgongo wa mviringo kama ya kwanza, zimepanda juu zote mbili. Kwenye mtikisiko wa mashine utaona kinyume chake. Herufi imekonda, na ubavuni mwake pamebaki kibaraza bapa, kimelala chini karibu na uwanja wa sarafu, yaani sehemu yake tupu isiyo na picha, kinang'aa ukikipindulia taa. Chuma cha kibaraza hicho kimetoka kwenye herufi yenyewe, ndiyo maana herufi imepungua. Ile 1972 yako ina kibaraza. Itazame kwa lenzi dakika tano nzima, mpaka uweze kukitambua kibaraza hata usingizini.

Kuna mdanganyifu wa tatu, muhuri mzee. Muhuri uliopiga sarafu nyingi mno huchoka, kingo za herufi hutanuka na kuvimba kama maandishi yaliyomwagikiwa maji. Peni za 1955 zina ugonjwa huu kwenye 5 ya mwisho. Wamarekani wameibatiza peni hiyo jina la maskini, kwamba ni ya yule asiyeweza kununua ile maradufu ya kweli ya 1955. Ni dola moja, mbili. Na wa nne yuko kwenye peni za zinki, kuanzia katikati ya 1982: ngozi ya shaba juu yake ni nyembamba sana, mara nyingi inachanika kando ya herufi na zinki ya kijivu inachungulia kama mstari. Vipele na malengelenge juu ya uso wa Lincoln vinatokana na ngozi hiyo hiyo. Havina bei.

Mimi mwenyewe nimelipa ada ya somo hili. Nilikuwa nakaa kibanda cha maegesho ya magari, zamu ya usiku, na mtu anayekaa kibandani usiku hana lingine zaidi ya redio na droo ya chenji. Nikaona peni ya 1964, mwaka umejirudia waziwazi. Sikulala. Nikaituma kwa kampuni ya kuthibitisha sarafu, nikalipa ada, nikalipa posta kwenda na kurudi, nikawaambia watu wawili watatu wa nyumbani wajiandae. Ikarudi na karatasi: sarafu halali, ya kawaida. Nilikuwa nimeitazama chini ya taa moja ya mrija iliyokuwa juu ya kichwa changu, na nusu ya nilichokiona kilikuwa kivuli cha taa, nusu iliyobaki kibaraza. Tangu siku hiyo natumia taa ya mezani yenye balbu moja, naiweka ubavuni, na naizungusha sarafu duara kamili. Kivuli kinachohama ukizungusha ni cha taa. Kilichochapwa kinazunguka pamoja na sarafu.

Vifaa basi ni hivyo: lenzi, taa, sumaku ndogo ya jokofu na mizani ya kidijitali inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, ile wanayotumia watu wa dhahabu. Tandika taulo mezani. Yote pamoja hayafiki dola arobaini. Darubini za kuunganisha na simu ziache kwanza. Zinakuza mno hadi kila mkwaruzo unaonekana ni hazina, na nusu ya picha ninazotumiwa zinatoka huko.

Kuhusu kuchambua, kosa la kila anayeanza ni kuichunguza kila sarafu pande zote mbili. Utaacha kopo la kwanza likiwa robo. Anza kwa kuzigeuza mgongo. Zenye masuke mawili ya ngano ni za 1909 hadi 1958, hizo zote weka kando bila kufikiri, hata iliyochakaa kabisa ina mnunuzi wa senti chache juu ya thamani yake. Zenye jengo lenye nguzo, ile kumbukumbu ya Lincoln ya Washington, ni za 1959 hadi 2008, na huko ndiko utakakofanya kazi. Za 2009 zina migongo minne tofauti. Zenye ngao ni za 2010 na kuendelea. Mimi hizo narudisha benki, na nikikosea sijutii.

Za jengo zipange kwa miaka, kisha ubaki na miaka michache tu: 1969 na 1970 zenye S, 1972, 1982, 1983, 1984, 1992, 1995, na 1998 hadi 2000. Kila mwaka una mahali pamoja pa kutazama. Ukishapajua, sarafu moja inakuchukua sekunde mbili.

Nianze na ninayoipenda kuliko zote kwa mtu mwenye sarafu zilizochakaa, kwa sababu haitegemei vijikucha wala kibaraza. Peni iliyopita mikononi miaka thelathini imepoteza shavu la Lincoln na nywele zake, lakini nafasi kati ya herufi mbili haisuguliki. Geuza peni ya 1999, soma AMERICA, simama kwenye A na M za mwanzo. Kwenye peni za kawaida za miaka hiyo herufi hizo mbili zinakaribia kugusana miguu. Sasa kiwanda kilikuwa na mgongo mwingine wenye A na M zilizoachana wazi, uliokusudiwa kwa sarafu za maonyesho tu, zile za kung'aa zinazouzwa kwenye kasha. Mihuri ya mgongo huo ikaponyoka ikaingia kwenye sarafu za matumizi mwaka 1998, 1999 na 2000, zote za Philadelphia zisizo na herufi. Ukitaka uhakika wa pili, tazama herufi ndogo FG, za mchongaji Frank Gasparro, chini kulia mwa jengo: A na M zikiwa zimeachana, FG imesogea karibu na jengo. Ya 1999 ndiyo adimu kati ya tatu na inafika mamia ya dola ikiwa nzuri; ya 2000 ni nyingi kidogo, usitegemee zaidi ya dola chache kwa iliyochakaa.

Mwaka 1992 mambo ni kinyume. Kawaida yake A na M zimeachana, na iliyo adimu ni ile iliyobanana, kwa kuwa mgongo uliopangwa kuanza 1993 uliwahi kutoka. Zipo za Philadelphia na za Denver, zilizopatikana ni chache, na bei yake ni ya maelfu. Hiyo ndiyo ninayoitafuta mimi kila ninapopewa chenji, na sijawahi kuipata. Usichanganye miaka tu: watu wananiandikia kila mara wana 1992 iliyoachana. Hiyo ni senti moja.

1984, isiyo na herufi: tazama sikio. Chini ya ndewe ya sikio la Lincoln kuna ndewe ya pili, nzima, kama amevaa hereni. Iko mahali palipojificha kidogo, haisuguliki haraka, ndiyo maana naipendekeza kwa makopo ya kahawa. Ni peni ya makumi ya dola. 1983, pia isiyo na herufi: geuza mgongo, hapo kosa liko kwenye kila neno, UNITED STATES OF AMERICA, E PLURIBUS UNUM, ONE CENT, yote mawilimawili. Huhitaji lenzi, macho yatakuuma kwa kudhani umesahau miwani. Hii ni ya mamia.

1995 ndiyo utakayoipata kweli kama utaipata yoyote. Isiyo na herufi, LIBERTY na IN GOD zimejirudia wazi. Ilipogunduliwa hata magazeti ya kawaida yaliiandika, watu wakabomoa mafungu ya benki usiku kucha, kwa hiyo nyingi zimehifadhiwa na bei yake haikupanda sana. Iliyotumika ni kama dola ishirini hivi. Lakini ni ya kweli, na ukiishika mara moja mkononi, vibaraza havitakudanganya tena. Kama unaweza kuinunua moja ya kufundishia, inunue.

Turudi 1972, maana jamaa yako hakukosea kabisa, alikosea herufi tu. Peni maarufu ya 1972 ni ya Philadelphia, chini ya mwaka hakuna kitu. LIBERTY, IN GOD WE TRUST na mwaka vyote vimeachana kiasi kwamba unasoma bila kioo. Kuna mihuri kadhaa ya 1972 iliyojirudia, lakini yenye nguvu kuliko yote ina alama yake ya kuzaliwa: geuza mgongo, juu ya D ya UNITED, karibu na ukingo, kuna kijikovu kidogo kilichoinuka. Muhuri wa mgongo ulikuwa na mkwaruzo hapo. Mtu akikuuzia moja, tafuta kovu kwanza, sifa baadaye. Hata iliyotumika hupata dola mia na zaidi, na hizo 500 za jamaa yako ni za ile ambayo haikuguswa.

Ya 1969 yenye S ni ndoto, lakini inafaa uijue kwa kisa chake. Ilipoanza kuonekana, maafisa wa Secret Service, idara ya serikali inayosaka pesa bandia, walizikamata baadhi wakidhani ni bandia, kwa kuwa siku hizo hizo kulikuwa na watu waliokuwa wakifua peni bandia za 1969 zenye mwaka uliojirudia. Bandia zile hazikuwa na S. Za kweli zina S, na S hiyo ni moja tu, haijajirudia, huku kila kitu kingine upande wa kichwa kimejirudia. Peni hiyo inauzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Na peni za 1969 zenye S iliyojirudia pamoja na mwaka? Zimejaa kila mahali. Ni ndugu wa hiyo 1972 yako.

Na 1955, mama yao wote. Kiwanda cha Philadelphia kilipiga peni hizo, zikachanganyika na nyingine nyingi kabla ya kugunduliwa, na uamuzi ukawa kuziachia zitoke kuliko kuyeyusha shehena nzima. Inakadiriwa zilitoka kati ya 20,000 na 24,000. Nyingi zilifika kwa watu kupitia mashine za sigara: pakiti ilikuwa senti 23, mtu anatumbukiza robo dola, na peni mbili za chenji zimeshapachikwa ndani ya karatasi ya pakiti. Hata iliyochakaa leo ni dola elfu na zaidi, na kwa sababu hiyo bandia zake ni nyingi. Ya kweli ina mistari miwili myembamba sana, wima, mgongoni kwenye neno CENT, chini ya mkono wa kushoto wa T. Kwenye makopo ya bibi wa miaka hiyo si jambo lisilowezekana kabisa, kwa hiyo katika zile za ngano zipitie zote za 1955.

Zilizobaki nazipitia mbio. 1970 yenye S: kuna tarakimu kubwa na ndogo, kwenye ndogo, kichwa cha 7 kiko usawa mmoja na 9 na 0, na LIBERTY imefifia. Makumi ya dola. 1982: katikati ya mwaka waliacha shaba ya gramu 3.11 wakaingia zinki ya gramu 2.50, na pia kulikuwa na tarakimu kubwa na ndogo, hivyo unapata mchanganyiko wa aina saba za kawaida. Unayoiwinda ni ya nane: yenye D, tarakimu ndogo ambayo shina la 2 limepinda, lakini mizani ikasoma 3.1. Moja ilijitokeza mwaka 2016 na kuuzwa kwa maelfu. Kwa kweli hilo ni kosa la chuma, halihusiani na muhuri, lakini mizani unayo, pima tu. Ukichoka kupima, zidondoshe mezani: ya shaba inalia ngiii, ya zinki inakufa palepale. 1922: mwaka huo peni zilipigwa Denver peke yake, kwa hiyo isiyo na D inatokana na muhuri uliosuguliwa hadi herufi ikafutika. Yenye bei ina mgongo mkali, ngano zinahesabika. Mgongo ukiwa umefifia, bei inashuka sana. 2009, mgongo wa Lincoln kijana ameketi juu ya gogo akisoma: hesabu vidole vya mkono ulioshika kitabu. Zipo zenye kidole cha ziada. Huo ni muhuri maradufu wa kisasa. Siku hizi muhuri unakandamizwa mara moja tu, kwa hiyo kosa likitokea liko katikati ya picha, kwenye sikio, vidole au nguzo, badala ya kuwa kwenye maandishi ya pembeni. Dola kadhaa.

Mitego michache kabla hujaingia. Peni ya 1943 yenye rangi ya shaba, ipeleke kwenye sumaku. Ikinasa, ni peni ya kawaida ya chuma ya mwaka huo wa vita, iliyopakwa shaba na mtu gerejini. Isiponasa, itazame 3 kwa makini, maana wapo wanaokata 8 ya 1948. Peni ya 2017 ina P chini ya mwaka, ya pekee katika historia ya peni za Marekani, kuadhimisha miaka 225 ya kiwanda. Video zinaisifu, lakini zilipigwa kwa mabilioni. Ni kama senti zetu za tundu za 1936 zenye jina la Edward wa Nane. Kila mzee Pwani anaamini ni utajiri kwa kuwa mfalme hakukaa mwaka, kumbe sarafu zake za Afrika Mashariki zilitoka kwa wingi. Na kwa kuwa peni za mwisho za matumizi zilipigwa Philadelphia tarehe 12 Novemba 2025, utasikia sasa kila peni ni mali. Zilizoko nje ni mabilioni kwa mabilioni. Uamuzi huo haukuipandisha peni yako hata nusu senti.

Usizioshe. Najua Tanga tunang'arisha shaba kwa ndimu na majivu, na sinia linapendeza. Peni iliyoguswa na ndimu inapoteza nusu ya bei mbele ya mnunuzi anayejua, na anajua kwa kutazama mara moja. Uchafu uache. Ukipata inayofaa, ishike kwenye kingo, itie kwenye kijikasha cha kadi chenye dirisha la plastiki, andika mwaka na ulichokiona.

Kuuza ni suala jingine. Bei ya kuangalia kwenye mnada wa mtandaoni ni ya zilizokwisha kuuzwa. Ile anayoiomba mwenye mali haikuhusu, mtu anaweza kuomba milioni kwa kibao cha mbuzi. Kutuma kwa wathibitishaji kama PCGS, NGC au ANACS kunagharimu ada na posta, na mara nyingi unalipa zaidi ili waandike aina ya muhuri kwenye kasha, kwa hiyo mimi situmi chochote ninachokadiria chini ya dola 150. Kwa hizo nyingine, nenda kwenye maonyesho ya sarafu ya Jumapili, kaa na wauzaji watatu tofauti kabla ya kutaja bei yako. Wa kwanza mara nyingi anakupima.

Mzigo wa Tanga sasa. Hapa usicheze. Tangu mwisho wa 2006 Marekani imepiga marufuku kuyeyusha peni na kuzitoa nje ya nchi kiholela, kwa sababu shaba ya zile za zamani ina thamani kuliko senti yenyewe. Msafiri anaruhusiwa kubeba peni na sarafu za senti tano zisizozidi dola 5 kwa jumla, au hadi dola 25 ikiwa wazi ni za ukusanyaji au burudani. Kwa shehena inayotumwa, ukomo ni dola 100, nazo ziwe za matumizi ya pesa au ukusanyaji. Kopo moja la kahawa la peni linaweza kupita dola 5 kirahisi, kwa hiyo usilifukie katikati ya mitumba ukidhani halitaonekana. Wadogo zako watumie ishirini thelathini za ngano, wachezee. Zilizobaki zipeleke benki, ukiomba karatasi za kufungia wengi watakupa; kila fungu hamsini.

Kopo la juu anza leo. Na ukifika kwenye 1984, nitumie picha ya sikio, usinitumie ya mwaka.